Umehariri Wikipedia wakarudisha nyuma? Tafuta shida yako hapa

Jumamosi mchana huwa tunakutana watu sita saba hivi kwa maktaba moja hapa tao Nairobi, kila mtu na simu ama laptopu yake, tunahariri Wikipedia, sana sana ile ya Kiswahili lakini wengine pia wako kwa ya Kiingereza. Na kila mgeni akijiunga, mwezi hauishi kabla hajaja na malalamiko yaleyale: nimeandika wametoa, hawa watu hawanitaki, hawataki vitu zetu. Mi nimeona watu wazuri wakiondoka hivyo na hawarudi, na ndo hao wanajua mambo ya mtaa wao ambayo hakuna mwingine ataandika, so nimeamua kuzipanga shida venye huwa zinakuja, unaona nini, inasababishwa na nini, na ufanye nini.

Niliandika jana, leo haiko

Haijapotea. Wikipedia inaweka kila toleo la kila makala, hata lile la makosa, liko. Nenda kwa Historia (kwa simu gusa pale pameandikwa makala ilihaririwa mara ya mwisho lini) utaona orodha ya kila mtu aliyegusa hiyo makala, saa ngapi, na pembeni maneno machache aliyoacha, hiyo ndo inaitwa muhtasari. Soma hayo maneno kabla hujafanya kitu kingine chochote. Wageni tisa kati ya kumi wanaokuja kwetu wakiwa wamekasirika nikiwauliza "kwa muhtasari amesema nini?" unakuta hawajaangalia.

Mara nyingi imeandikwa hakuna chanzo, na hii nataka tukae nayo kidogo kwa sababu ndo mzizi wa karibu kila kitu kingine.

Mimi nilianza na Kariokor, ule mtaa wa hapa Nairobi. Nyanya yangu alikaa huko miaka mingi, na alinieleza tangu niko mdogo kwamba jina lilitoka kwa Carrier Corps, wale Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakipigana na Wajerumani upande wa Tanganyika, na wengi hawakurudi. Nikaandika paragrafu tatu, jina lilivyotoka, nani alikaa wapi, nani alianza kusuka vyondo pale sokoni. Saa moja haikuisha zikatolewa zote. Nikazirudisha. Zikatolewa. Nikazirudisha tena bila kusema neno, ju nilikuwa na hakika, kwani nyanya atanidanganya?

Nyanya hakunidanganya. Hiyo ya jina iko kwa vitabu vya historia, na hata Kariakoo ya Dar es Salaam jina lake lilitoka palepale kwa Carrier Corps. Lakini mtu aliyekaa Mwanza ama Helsinki akisoma hiyo paragrafu atajuaje? Hamjui nyanya, hanijui mimi, na yeyote anaweza kuandika "nyanya alisema" akaweka uongo mtupu. Kanuni yao inauliza msomaji anaweza kwenda kuhakikisha wapi, na hapo hata ukweli unaoujua kwa macho yako unangoja nje mpaka upate pa kuuegemeza. Nilipopata kitabu, nikaweka jina la kitabu na ukurasa, sentensi ya jina ikakaa na haijatolewa mpaka leo. Zile za nani alikaa wapi hazikurudi. Inauma, na sitajifanya haiumi, kwa sababu sehemu kubwa ya historia ya Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, iko kwa midomo ya wazee na hao wanaisha. Watu wameliona hilo, mwaka 2011 kulikuwa na mradi India na Afrika Kusini wa kurekodi wazee na kutumia hizo rekodi kama vyanzo, lakini haijawa kanuni ya kawaida. Kwa hivyo ukiwa na mzee wako, mrekodi saa hii, halafu tafuta nani anaweza kuichapisha hiyo hadithi kwa jina lake na tarehe, gazeti, jarida la chuo, kitabu, ndo Wikipedia iweze kuishika.

Chanzo cha kutosha ni kipi? Gazeti lenye mhariri (Taifa Leo inasaidia sana kwa makala za Kiswahili), kitabu cha mchapishaji anayejulikana, jarida la chuo kikuu, Hansard kwa mambo ya bunge, Kenya Gazette kwa matangazo ya serikali. Chenye hakitoshi: posti ya Facebook, video ya mtu amekaa kwa gari akiongea, blogu ya mtu binafsi mara nyingi, na Wikipedia yenyewe. Hii ya mwisho watu hubishana nayo sana, wanasema si hiyo iko kwa Wikipedia ya Kiingereza? Sawa, lakini Wikipedia ya Kiingereza nayo imeandikwa na watu kama wewe, shuka mpaka chini kwa tanbihi zake, fungua kile kitabu ama gazeti walichotumia, usome mwenyewe, ndo uweke hicho.

Na jengo la Kenya National Archives pale Moi Avenue lina hazina, lakini kuna mtego pia. Ukipata faili la barua za wakoloni, unaweza kusema barua ilisema hivi tarehe hii, basi. Ukianza kuunganisha barua tatu na kutoa hitimisho lako ambalo hakuna mwanahistoria ameandika, huo ni utafiti mpya, na hata kama umepatia, Wikipedia si mahali pake. Andika hiyo kwa jarida kwanza.

Tunarudishana tu, mimi naweka yeye anatoa

Simama. Hii ndo inamaliza akaunti nyingi za wageni kuliko kitu kingine ninachokijua. Kwa Wikipedia ya Kiingereza kuna kanuni ya mara tatu: ukirudisha zaidi ya mara tatu kwa ukurasa mmoja ndani ya saa 24 unaweza kuzuiwa, na hawaangalii nani alikuwa na haki. Hata mara mbili unaweza kuzuiwa kama wanaona uko vitani. Kwa Kiswahili jamii ni ndogo na wakabidhi (wale wasimamizi wenye uwezo wa kuzuia akaunti) ni wachache, lakini hakuna mkabidhi anayependa kuamka akute watu wawili wamerudishana usiku mzima.

Dawa yake ni ukurasa wa Majadiliano, kila makala iko nao. Ukirudishwa mara moja, usirudishe, nenda huko uandike: nimeongeza hiki, chanzo ni hiki, naona kimetolewa, kuna shida gani? Halafu ungoje. Weka saini kwa tilde nne, hii ~~~~, jina lako na saa vitatokea vyenyewe. Kwa kibodi ya simu tilde imefichwa, bonyeza kile kitufe cha namba, kisha kile cha alama zaidi, iko huko. Ukitumia kitufe cha kujibu kilichoko kwa mjadala chenyewe hauhitaji, inakuwekea saini.

Mfano wa kweli wa mambo ya kubishania: mji mkuu ulihamishwa lini kutoka Mombasa kuja Nairobi? Utapata vitabu vinasema 1905, utapata vingine vinasema 1907. Wawili wetu walikaa meza moja wakifutana, mmoja ameshika kitabu hiki mwingine kile, na kila mmoja anaona mwenzake ni mharibifu. Mama mmoja wa kikundi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi zamani, akawaambia "wanangu, si muandike zote mbili na kila moja na kitabu chake?" Ndivyo inavyofanywa. Vyanzo vikitofautiana makala inasema vinatofautiana, haikuombi uchague mshindi.

Makala yangu nzima imewekwa alama ya kufutwa

Nikiuliza ni makala ya nini, majibu ni matatu: binamu yangu ni mwanamuziki, pasta wetu, ama kampuni ninayofanya kazi. Nasema hivi kwa upendo, kwa sababu kila mtu huanza na kile anachokipenda. Shida ni umashuhuri, na hilo neno linaumiza watu bure. Halimaanishi binamu yako si mzuri. Wanauliza kama kuna watu wasio na uhusiano naye, hawajalipwa na hawamjui, wameandika kumhusu kwa kina, zaidi ya kumtaja jina kwa orodha ya waliotumbuiza. Kama gazeti mbili tatu zimemfanyia habari kamili, ana nafasi. Kama ni tangazo lililolipiwa likavaa nguo za habari, hapana, na wale wahariri wazoefu wanaijua hiyo mbio.

Ukikuta ile alama usiitoe mwenyewe. Kutakuwa na linki ya kwenda mahali wanajadili kama ifutwe, ingia hapo uweke vyanzo vyako, kimoja kimoja, bila kuomba huruma. "Tafadhali msifute nimechoka kuandika" haijawahi kusaidia mtu. Vyanzo viwili vizuri vimeokoa makala nimeziona kwa macho yangu. Na kama vyanzo havipo bado, kopi maandishi yako uweke kwa simu, siku akiandikwa utarudi nayo.

Kwa kampuni kuna jambo la ziada. Kama unalipwa kuandika, hata kama ni sehemu tu ya kazi yako ofisini, masharti ya matumizi tangu 2014 yanakutaka useme waziwazi nani anakulipa. Sema kwa ukurasa wako wa mtumiaji, na badala ya kuhariri makala ya kampuni moja kwa moja, omba mabadiliko kwa Majadiliano. Polepole ndiyo, lakini haitakuja kukuaibisha baadaye.

Wameniambia naandika kwa sifa

Kijana mmoja alikuja na Wangari Maathai. Alikuwa ameandika "shujaa mpendwa wa taifa, mama jasiri asiye na kifani, aliyejitoa mhanga kwa ajili ya vizazi". Ikapunguzwa mpaka ikabaki mistari miwili, akaona wamemvunjia heshima Wangari mwenyewe. Nikamwambia toa maneno yote yanayosema alikuwa mkubwa, weka alichofanya. Alizaliwa 1940, alianzisha Green Belt Movement 1977, mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililokuwa lijengwe Uhuru Park na halikujengwa, mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata Nobel ya Amani. Soma hiyo halafu usome ile ya kwanza. Msomaji wa Kisumu ama wa Kinshasa akimaliza ya pili anamheshimu bila kuambiwa amheshimu.

Na wale waliompinga pia wawekwe, walisema nini na nani alisema. Hapo kijana alisita sana, lakini aliweka.

Makala imebandikwa kwamba ni tafsiri ya kompyuta

Hii ni ya sisi tunaoandika Kiswahili hasa, na inanigusa. Kuna kifaa cha kutafsiri ndani ya Wikipedia, kinakuletea Kiingereza upande huu na Kiswahili upande huu, na mgeni anaona aah rahisi, anabonyeza, anachapisha makala tano kwa siku. Halafu unakuta mto una benki mbili badala ya kingo, timu imecheza kiberiti badala ya mechi, mfalme amekaa ofisini miaka kumi badala ya kutawala. Msomaji wa hiyo makala ni mtoto wa darasa la saba anafanya kazi ya nyumbani kwa simu ya babake, na hana mwingine wa kumuuliza. Makala moja mbovu inamwambia Kiswahili hakiwezi kubeba elimu, na si kweli.

Ukibandikwa, usitoe bango, sahihisha kwanza. Soma kwa sauti. Kama huwezi kumsomea jirani akaelewa, andika upya kwa maneno yako. Afadhali aya mbili ulizoziandika mwenyewe kuliko kurasa kumi za mashine, na makala fupi si aibu, zinaitwa mbegu na mwingine atakuja kumwagilia. Na kwa muhtasari useme imetafsiriwa kutoka Wikipedia gani na makala gani, kwa sababu leseni, CC BY-SA, inataka walioandika mwanzo watambuliwe.

Kingine cha karibu na hicho: umeandika tarakilishi na runinga venye tulifunzwa shule, mtu wa Tanzania akabadilisha ikawa kompyuta na televisheni. Hajakuharibia. Wikipedia ni moja kwa wasemaji wote, Mombasa, Zanzibar, Bukavu, na neno linaloeleweka pande nyingi ndo hushinda kwa kawaida. Unaweza kuacha lingine karibu yake, kompyuta au pia tarakilishi, wote wapate. Lakini Sheng uiache nje ya makala, hata mimi naandika hivi hapa lakini nikiingia kule nabadilisha shati.

Naambiwa nimezuiwa na sijafanya kitu

Usipanike, na usifungue akaunti nyingine, hiyo ya kufungua nyingine ndo inageuza shida ndogo kuwa kubwa kwa sababu inaonekana unakwepa. Soma ujumbe mpaka mwisho. Kama unataja akaunti yako kwa jina, basi ni wewe, uliza kwa ukurasa wako wa majadiliano. Lakini mara nyingi hapa kwetu unataja namba za IP, ile anwani ya mtandao unaopitia. Ukitumia data ya simu, watu wengi sana wanapita kwa IP moja, mtu mwingine asiyejulikana akiharibu makala mkazuiwa wote kama abiria wa matatu moja. Ingia kwa akaunti yako, vizuizi vingi vya hivyo vinawagusa tu wasioingia.

Kama umewasha VPN, ile app ya kuficha unaingia mtandaoni ukiwa wapi, zima. Wikipedia huzuia nyingi, na watu wengi hata hawakumbuki wameiwasha kwa ajili ya kitu kingine. Ukizima bado imekataa na uko kwa akaunti yako, kuna ruhusa unaweza kuomba ya kupita hicho kizuizi, maelekezo huwa kwa ujumbe wenyewe.

Kuna pia ukurasa hauna kitufe cha kuhariri kabisa ama una kufuli. Huo umelindwa kwa sababu umeharibiwa sana, mara nyingi wanasiasa wakati wa uchaguzi. Kwa Kiingereza kufuli jepesi linafunguka akaunti ikifika siku 4 na mahariri 10. Hariri kwingine kwanza, sahihisha tahajia, utashtukia umefika.

Picha yangu imefutwa

Uliitoa kwa gugo? Basi ndiyo sababu. Picha kuwa kwa intaneti hakumaanishi ni ya bure. Picha nyingi za Wikipedia ziko Wikimedia Commons, ghala la picha za bure, na huko huwezi kusema "ni kazi yangu" kama si wewe ulibonyeza kamera. Hata picha ya zamani kwa albamu ya familia, karatasi ni yenu lakini haki ni ya aliyepiga. Chukua simu, shuka Kariokor ama Gikomba mchana jua likiwa zuri, piga, pakia. Ni rahisi na bado kuna sehemu nyingi za Nairobi hazina hata picha moja ya maana.

Nimeuliza kwa Majadiliano, hakuna anayejibu

Kwa Kiingereza makala kubwa zinajibiwa siku hiyohiyo. Kwa Kiswahili tuko wachache, na hao wachache wana kazi na watoto. Ngoja wiki. Kama kimya, angalia kwa Historia nani alihariri hiyo makala karibuni, umwandikie kwa ukurasa wake wa majadiliano, kwa adabu, na uweke linki ya swali lako asihangaike kutafuta. Bado kimya na vyanzo vyako viko sawa? Fanya badiliko, eleza kwa muhtasari kwamba uliuliza na hukujibiwa, endelea na lingine.

Mimi lile swali langu la Kariokor, nilipouliza kwa nini chanzo changu cha pili kimewekewa alama, lilijibiwa siku ya tisa. Aliyejibu ndo yule aliyekuwa akinitolea mwanzoni. Alikuwa ameenda akakitafuta kile kitabu, na akaniandikia mstari mmoja: ndugu, ni ukurasa wa 112, wewe umeandika 121.